Raili wa Tatu

Sehemu ya Tisa

Haya. Mlango ulifunguka, na Raili Honkavaara akakutana uso kwa uso na Raili Honkavaara.

Wiki nzima mmenipigia simu mkiuliza nani alikuwa nyuma ya mlango ule. Wengine mmesema mzimu. Wengine mmesema mtoto wa siri. Mnapenda sana watoto wa siri, nyinyi. Hakuna mtoto hapa. Ndani ya ukumbi wa dansi wa Koivuniemi alisimama mwanamke wa miaka sabini na kitu, amevaa gauni la kijani la Raili, nywele amezibana kama Raili, masikioni hereni za Raili.

Alikuwa Orvokki Niemistö.

"Vua gauni langu," Raili akasema.

"Si lako, ni la filamu," Orvokki akajibu. "Wamelishona upya. La kwako lisingenipita mabegani."

Aliyejiunga nasi leo asihangaike, namweleza upesi. Raili ni mwimbaji wa tango, ule muziki wa dansi ya wawili wawili, na katika Ufini nzima hakuna nyumba ambayo hajawahi kuimbia jikoni kupitia redio. Kiangazi hiki wanapiga filamu ya maisha yake. Maisha marefu, uso mmoja hautoshi, wakatafuta tatu. Hilla, mtoto wa miaka tisa, ni Raili wa utotoni. Pihla, binti mrembo aliyetoka tu chuo cha maigizo, ni Raili wa ujanani. Na Raili wa uzeeni? Raili alijua ni yeye mwenyewe. Nani mwingine? Alikuwa ameshaanza kupunguza maandazi.

Na Orvokki ni nani? Orvokki ni mwigizaji wa jukwaa la mkoani, na ni mjane wa Kaarlo. Hapo ndipo penye kidonda.

Kiangazi kile cha zamani, Raili akiwa na miaka ishirini na tatu, alishuka jukwaani hapa hapa Koivuniemi. Ilikuwa saa ya wanawake, wao ndio wanaoomba kucheza na wanaume wanangoja kuombwa. Akamwomba Kaarlo. Kwetu ukimwomba mtu mnacheza nyimbo mbili, kisha unamsindikiza hadi pembeni, mnashukuriana, basi. Kumwacha mtu baada ya wimbo mmoja ni kumtemea mate mbele za watu. Raili akamwacha Kaarlo baada ya wimbo mmoja. Kaarlo alikuwa amemwambia achague, mimi au muziki, naye akampa kisogo, akapanda jukwaani, akaimba.

Hivyo ndivyo alivyoliambia gazeti, na humo ukatoka wimbo wake uitwao "Wimbo wa Pili". Wanawake walimpenda kwa hilo. Waliona kumbe inawezekana kumwacha mwanamume pale pale alipo.

Kaarlo akawa yule aliyeachwa kwenye wimbo wa kwanza. Akamwoa Orvokki. Alikufa msimu wa baridi uliopita, na hata mazishini, watu wakinywa kahawa, kuna mpumbavu mmoja alianza kuupiga mluzi wimbo ule.

Sasa mjane huyo amevaa gauni la kijani. Tuendelee.

Santeri Lehtola, mwongozaji wa filamu, alikuja mbio kutoka nyuma ya jukwaa.

"Mama Raili, nilitaka nizungumze nawe kwanza."

"Ungezungumza jana. Huyu anafanya nini hapa?"

"Ni Raili wa tatu."

"Raili wa tatu ni mimi. Uliniahidi mwenyewe, kwenye sauna yangu, unatoka jasho umekula soseji zangu."

"Tulikufanyia majaribio, Mama."

"Nikaimba vizuri."

"Uliimba vizuri sana." Santeri akatazama viatu vyake. "Picha zile tukawaonyesha watu wa kawaida tu, bila kuwaambia ni nani. Tulikuwa tumekufunga kitambaa kichwani, mwanga hafifu, kama ilivyo kwenye tukio. Tukawauliza, huyu mnamwamini kuwa ni Raili?"

"Wakasema nini?"

"Wakasema huyu mama anajitahidi sana kumuiga Raili, lakini bado hajampata."

Jamani. Mimi nimetukanwa na wahariri, nimetukanwa na mama mkwe, lakini tusi kama hilo sijawahi kulisikia. Mtu anaomba kazi ya kuwa yeye mwenyewe, anakataliwa.

Pihla aliinama akajifanya anafunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Raili hakutikisika.

"Na huyu walimwamini?"

"Mmoja alilia," Santeri akasema.

"Mkataba unasema nini, Santeri?"

"Unaujua, Mama."

"Useme wewe."

"Kwamba bila wewe kukubali nyuso zote tatu, filamu haipigwi."

"Basi wa tatu simtaki. Nakwenda nyumbani."

Hapo ingekwisha hadithi yetu, na mimi ningetafuta kazi nyingine. Lakini Orvokki alikuwa ameshammiminia kahawa. Alifanya makusudi, msidanganyike. Alimmiminia kikombe, akaweka na andazi la hiliki pembeni, akakisukuma mezani mbele ya Raili. Na kwetu kahawa iliyokwisha kumiminwa haiachwi, hata kama aliyeimimina umemchukia nusu ya umri wako. Raili akatazama kikombe. Akavuta kiti, akaketi.

Santeri akaona upenyo. "Unapokunywa, tazama tu mazoezi yetu. Ukimaliza uamue."

Akawapanga Raili wote watatu mbele ya jukwaa, mdogo, wa kati na mkubwa.

"Nyuso hazifanani," akamweleza mwenye maisha, kwa sauti ya mtu anayeuza nyumba. "Zisifanane, sijali. Lakini mkono ni mmoja. Unajua kabla ya kuimba huwa unapangusa kiganja cha kushoto kwenye sketi, mara moja, ndipo unashika kipaza sauti. Nchi nzima inakijua kitendo hicho. Wote watatu watakifanya, na mtazamaji hatapotea, atajua huyu ni yule yule."

"Mama yangu ndiye aliyenifundisha," Raili akasema. "Akitoka kukamua ng'ombe alipangusa mkono kabla ya kunishika."

"Hicho ndicho tulichokiandika. Hilla, anza."

Hilla akapanda ngazi, akapangusa kiganja kwenye sketi, akashika kipaza sauti. Vizuri kabisa. Pihla akafuata, naye vizuri, tena akaongeza na kutikisa kiuno. Orvokki akapanda, akasimama, mikono imening'inia.

"Mama Orvokki, mkono," Santeri akamkumbusha.

"Mimi nitapangusa. Na huyu binti apanguse, baada ya dansi ile. Lakini mtoto mtoeni kwenye jambo hili."

"Kwa nini?"

"Hakuwa nao mkono huo. Nilisimama karibu naye kwenye kwaya ya kanisa miaka yote ya utoto. Raili alikuwa anaficha mikono nyuma, mchungaji alikuwa anamkemea kila Jumapili. Hakupangusa chochote."

Raili akakiweka kikombe chini. "Unamsikiliza huyu?"

"Mama yake alikamua ng'ombe, hilo kweli," Orvokki akaendelea, akimtazama Santeri tu. "Lakini mkono ule ulianza hapa. Siku moja tu, sakafu hii hii. Nilikuwa nimesimama pale, upande wa wanawake. Mtu alimwachia Raili mkono katikati ya watu, naye hakujua aupeleke wapi. Akaupangusa kwenye sketi. Halafu akapanda kuimba, maana bendi ilikuwa inamngoja."

Mzee wa kodiani, aliyeletwa kupiga muziki wa filamu, akaacha kutafuna.

Santeri hakuwa mjinga. Nilikuwa nimekaa pembeni ya ukumbi, niliona, na nyinyi mngeona, macho yake yakiwaka.

"Subiri kwanza. Nani alimwachia nani mkono?"

"Muulize mwenyewe."

Pihla ndiye aliyeuliza. Maskini, hakuwa na nia mbaya, alitaka kujua acheze vipi. "Mama Raili, mimi ndiye nitakayesimama pale. Naondoka mimi, au anaondoka yeye?"

"Unaondoka wewe," Raili akasema. "Nimeshasema mara elfu. Sakafu ilijaa watu, huyu aliona mgongo wa nani? Ana uchungu na mumewe, mumuonee huruma, lakini mumvue gauni."

"Mama, kama ni yeye aliyekuacha," Santeri akasema taratibu, "hiyo ni filamu kubwa zaidi. Unaelewa? Nyota aliyejenga jina lake lote juu ya—"

"Malizia. Juu ya nini?"

Santeri alikuwa ameshaanza kuipiga filamu hiyo kichwani, na kila mtu aliona.

Mimi simtetei Raili. Kaarlo alicheka na wanaume wenzake kwenye sauna walipomtania, alicheka dukani, alicheka ziwani wakivua kwenye barafu, mpaka siku moja akaacha kwenda popote. Neno moja la Raili lingemtoa kwenye aibu ile, na Raili hakulisema. Alikuwa anapigiwa makofi nchi nzima, alisikia vizuri, akanyamaza. Lakini niambieni ukweli, wewe uliyeachwa mbele ya kijiji kizima ukiwa na miaka ishirini na tatu, gazeti likaja kukuuliza kwa heshima kama ni wewe uliyemwacha, ungejibu nini?

Orvokki alishuka jukwaani. Nilidhani anakwenda kubadilisha nguo. Badala yake alikwenda hadi ukutani, palipo na swichi ya zamani, akaiwasha. Ubao wa taa juu ya jukwaa ukawaka, nusu ya herufi zake zimekufa, lakini kila mtu anajua kilichoandikwa. Wanawake waombe.

Akatembea hadi mezani kwa Raili, akainamisha kichwa kidogo, kama inavyotakiwa.

"Naomba."

"Usinichezee, Orvokki."

"Taa imewaka, nimekuomba. Unakataa?"

Hukatai ukumbini kwetu. Hata mlevi hakataliwi, ukimkataa unakaa chini wimbo mzima. Raili akasimama. Mzee wa kodiani, bila kuambiwa na mtu, akaanza tango ya polepole, na wanawake wawili wazee wakaingia sakafuni. Sisi wengine tuliona wanacheza tu. Waliyosema, nimeyapata baadaye kwa mmoja wao, na sitasema yupi.

"Unaongoza vizuri," Raili akasema.

"Nilijifunza na kiti. Mume wangu hakukanyaga sakafu tena."

"Umekuja kunifunga kamba shingoni."

"Nimekuja kulirudisha jina jema la Kaarlo. Hilo tu, sihitaji kingine. Mwache Pihla aachwe kama wewe ulivyoachwa. Watu watakupenda zaidi."

"Watanionea huruma. Si kitu kimoja."

Wakazunguka. Orvokki alikuwa anahema.

"Ulimwambia nini siku ile?" akauliza. "Hakuwahi kuniambia."

Raili akamfuata hatua kadhaa. "Nilimwambia naacha muziki. Naacha bendi, naacha Helsinki, namfuata shambani kwa mama yake. Mimi, Orvokki. Nilikuwa tayari kukamua ng'ombe. Akasikiliza mpaka wimbo ukaisha, akasema asante, akaondoka."

"Alikuwa anakupenda."

"Mtu anayekupenda hakuachi katikati ya sakafu."

"Anakuacha akiwa ameambiwa jambo."

Raili akakosea hatua, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Tulikuwa kwenye foleni ya soseji, huko nje," Orvokki akasema haraka, kama anayetapika. "Nilimwambia wewe na kiongozi wa bendi mnalala pamoja kila safari. Nikamwambia yule mwanamume amekuchoka, na leo utakuja kumwomba Kaarlo kucheza, utamwambia unaacha muziki. Nilijua kwa sababu uliniambia wewe mwenyewe mchana, tukipiga pasi. Akaamini. Ulipomwambia unaacha muziki, akaona yametimia."

"Ilikuwa kweli hiyo ya kiongozi wa bendi?"

"Unajua haikuwa kweli."

"Sasa kwa nini ulisema?"

"Nilimtaka. Basi. Sina sababu nzuri zaidi ya hiyo, nimeitafuta."

Kodiani ilikuwa inakaribia mwisho wa wimbo.

"Alijua?" Raili akauliza.

"Nilimwambia hospitalini, siku zake za mwisho. Nilidhani atanisamehe, wanasema wanaokufa husamehe. Akageukia ukutani. Hakunigeukia tena mpaka walipomfunika. Nakuambia ili ujue hukuachwa kwa kutofaa. Kila mmoja wetu alimsingizia mtu mwema. Mimi nimekupa la kwangu. Na wewe nipe la kwako."

Wimbo ukaisha.

Sasa hapa mnisikilize. Kati ya wimbo wa kwanza na wa pili huwa mnabaki mmesimama, mkono ndani ya mkono, mnatazama pembeni, mnasubiri. Ni muda mfupi. Unaweza kumsikia mwenzako akipumua. Orvokki alisubiri. Uso wake ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetua mzigo mlangoni kwa watu.

"Asante," Raili akasema.

Akamwachia mkono. Akageuka, akamwacha mjane wa Kaarlo katikati ya sakafu na gauni lake la kijani, akatembea bila haraka hadi kwenye ngazi za jukwaa.

Na Orvokki, mbele yetu wote, hakujua aupeleke wapi mkono ule. Ukaenda wenyewe. Akapangusa kiganja cha kushoto kwenye sketi, mara moja.

"Mama Orvokki amepatia," Hilla akasema.

Raili alishika kipaza sauti. Hakupangusa chochote.

"Santeri, nawakubali wote watatu. Mtoto asipanguse mkono, Orvokki amesema kweli. Na hiyo dansi ipige ilivyokuwa. Niliachwa mimi. Kaarlo Niemistö aliniacha baada ya wimbo mmoja, na mimi nilidanganya."

Pihla akaziba mdomo. Santeri akataka kumkumbatia mtu, akamkosa. Orvokki, pale sakafuni, akafumba macho. Naapa aliona jambo limekwisha. Jina la mume wake limerudi, angeweza kwenda kaburini akamwambia.

"Asante, Raili," akasema.

"Bado," Raili akajibu. "Santeri, ukipiga ukweli, upige wote. Umesahau mtu mmoja. Jioni ile kwenye foleni ya soseji kuna msichana. Anamwambia Kaarlo maneno, na ni kwa maneno hayo Kaarlo akaniacha. Mtafutie binti mzuri wa kumwigiza ujanani. Usimfanye mbaya wa sura, hakuwa mbaya."

"Msichana gani?"

"Uzeeni yuko hospitalini. Anaungama kwa mumewe, na mumewe anageukia ukutani. Hiyo sehemu naitaka mimi."

"Raili," Orvokki akasema.

"Yeye ananiigiza mimi," Raili akasema, "na mimi nitamwigiza yeye. Wale watu wako uwaite tena, Santeri, wanitazame gizani. Safari hii wataniamini."

"Raili, watoto wangu wataiona filamu hiyo."

"Najua. Ni watoto wa Kaarlo pia."

Santeri akatazama mmoja, akatazama mwingine. Kikombe cha Raili kilikuwa bado mezani, kimenywewa mpaka chini, na andazi halijaguswa. Akashuka sakafuni polepole.

"Mama Orvokki," akasema, "ulimwambia nini Kaarlo?"

Raili akamwashiria kwa kichwa mzee wa kodiani. "Piga wimbo wa pili," akamwambia.

Mzee akaupiga. Orvokki akabaki katikati ya ukumbi, hana wa kucheza naye, na sisi sote tukimngoja afungue kinywa.